Damu ya Muheza: Jinsi Tanga Ilivyoifundisha Dunia Kinga ya Malaria

Mwaka 1897 Robert Koch alifika Dar es Salaam akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Huyu ndiye daktari wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na serikali ya koloni la Wajerumani ilimtaka asaidie kupambana na maradhi yaliyokuwa yakimaliza mifugo na kuangusha watu. Homa ya mwambao, yaani malaria, ilikuwa mbele ya yote. Ilikuwa ikiwazika maofisa, wamisionari na wenye mashamba waliofuata reli mpya ya kutoka Tanga kwenda Muheza, na serikali ilitaka kujua kama juu milimani kuna mahali ambapo Mzungu angeweza kukaa bila kuugua.

Ndivyo Koch alivyopanda Usambara hadi Kwai. Huko aliwakuta Wasambaa na elimu yao. Walijua kwamba mtu wa milimani akishuka nyikani na kulala huko, hurudi na homa, na walimjua anayeileta: mbu. Homa na mdudu waliviita kwa jina moja. Agosti 1897 Ronald Ross alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India, na wanasayansi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana. Koch aliandika katika taarifa zake yale aliyoambiwa na Wasambaa, na taarifa hizo zikasomwa Ujerumani.

Lakini maelezo ya Wasambaa yalizaa swali la pili, gumu kuliko la kwanza. Ikiwa mbu wa nyikani ndio waletao homa, mbona Wadigo, Wabondei na Waswahili wa pwani, wanaoumwa na mbu hao kila usiku tangu kuzaliwa, wanalima, wanavua na kuzeeka hukohuko? Msambaa mwenye nguvu zake alianguka kitandani baada ya safari fupi ya pwani. Mbondei wa umri uleule alijitwika mzigo na kuendelea na njia. Palikuwa na kitu ambacho mwili wa mmoja ulikuwa umekipata na wa mwingine haujakipata.

Swali hilo limechukua zaidi ya miaka mia moja kujibiwa, na bado halijaisha. Sehemu kubwa ya majibu imetoka katika kipande kidogo cha nchi: Tanga, Muheza, Amani na Korogwe, kisha kusini zaidi hadi Bagamoyo. Imetoka ndani ya damu ya watu wa huko, na hasa ya watoto wao.

Kinga isiyo ya kuzaliwa nayo

Jibu la kwanza Koch alilipata mbali na Tanga. Mwaka 1900, huko New Guinea, ambayo nayo ilikuwa na koloni la Wajerumani, alizunguka vijijini akipima damu za watu wa kila umri. Aliviona vimelea kwa wingi katika damu ya watoto wadogo. Kwa wakubwa kidogo vilipungua, na kwa watu wazima havikuonekana kabisa au vilikuwa haba, ingawa wote walilala kijiji kimoja na kuumwa na mbu walewale. Koch akakata shauri: mtu hazaliwi na kinga hii. Huipata kwa kuambukizwa tena na tena katika miaka yake ya kwanza.

Maana ya ugunduzi huo ni nzito. Uzima wa mzee wa Pangani anayetweka tanga alfajiri bila hofu ya homa ulilipiwa utotoni mwake, na malipo hayohayo ndiyo yaliyowashinda ndugu zake waliozikwa wakiwa wachanga.

Mwili ulikuwa unajifunzaje? Wakati huo wanazuoni wa Ulaya walikuwa wamegawanyika pande mbili. Elie Metchnikoff, mzaliwa wa Dola ya Urusi, mwaka 1882 alikuwa Messina, Italia, akitazama kwa hadubini viluwiluwi vya kiti cha pwani. Aliwachoma mwiba, akaona chembe hai zikiusogelea na kuuzingira. Akasema kinga ya mwili ni kazi ya chembe zinazomeza wavamizi. Upande wa pili Paul Ehrlich, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi na Koch, mwaka 1897 alitoa nadharia kwamba seli huwa na vipokezi vinavyonasa sumu maalumu, kisha vipokezi hivyo humwagwa kwa wingi ndani ya damu. Vitu hivyo ndivyo tunavyoviita leo kingamwili. Mwaka 1908 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Malaria ya pwani yetu ilikuja kuonyesha kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshika nusu ya ukweli.

Safari ya kimelea ndani ya mtoto

Mbu jike wa anofelesi anapomuuma mtoto wa Muheza, humwachia ngozini vimelea vichache, mara nyingi makumi tu. Vimelea hivyo huingia katika damu na kukimbilia kwenye ini. Humo kila kimoja hujificha ndani ya seli moja, na kwa muda wa wiki moja hivi huzaa maelfu kwa maelfu. Mtoto anacheza uwanjani, hana homa, na mama hajui lolote.

Ini lina ulinzi wake. Seli nyingi za mwili huweka kwenye ganda lake la nje vipande vya protini zilizomo ndani, na seli T zinazozunguka huvipitia kama mkaguzi. Seli T muuaji ikikuta kipande cha kigeni, huiua seli iliyoathirika pamoja na kilichomo. Tatizo ni muda. Katika mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa, seli T zinazokijua kimelea hiki ni chache mno na hazijaandaliwa. Kabla hazijazaana za kutosha, ini limekwisha kuachia vimelea kwenye damu.

Hapo kimelea hupata maficho bora kuliko yote. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini na haionyeshi kwa nje vipande vya kilichomo ndani, kwa hiyo seli T muuaji hupita bila kuona kitu. Kimelea aina ya Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kikuu pwani, hula humo kwa saa kama 48, kisha hupasua chembe na kutoa vimelea vipya kati ya 16 na 32 hivi. Kila kimoja hutafuta chembe yake. Chembe zinapopasuka, taka za vimelea humwagika, na seli zinazomeza, makrofeji, huzipokea na kutoa kemikali zinazopandisha joto la mwili. Kutetemeka na homa anavyopata mtoto ni kazi ya mwili wake mwenyewe ukipigana. Kemikali hizohizo zikizidi kipimo humdhuru mtoto zinayemlinda.

Kitovu cha vita hii ni bandama, kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Damu inapopita humo hulazimika kupenya mianya myembamba. Chembe nyekundu yenye afya hujikunja na kupita. Chembe yenye kimelea imekakamaa; hukwama, na makrofeji huimeza. Metchnikoff angefurahi kuona. Na bandama ni mahali pa kujifunzia pia. Humo seli B zilizonasa kipande cha kimelea hukutana na seli T saidizi, hupewa ruhusa ya kuzaana, na vizazi vyake huchujwa hadi zibaki zile zinazonasa vizuri zaidi. Baadhi yake hugeuka viwanda vya kingamwili na kuhamia katika uboho wa mifupa. Nyingine hubaki kama seli za kumbukumbu, zikisubiri kimelea kirudi. Hapo Ehrlich naye anapata haki yake: kingamwili hujibandika juu ya kimelea au juu ya chembe iliyokibeba, na makrofeji huona kwa urahisi cha kumeza.

Vidole chini ya mbavu

Kiungo hicho ndicho madaktari wa Tanga walichokifanya kipimo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ilikuwa na kitengo cha malaria mjini Tanga, na mkuu wake alikuwa Dakta Donald Bagster Wilson. Mkewe, Margaret Wilson, naye alikuwa daktari, na waliandika pamoja baadhi ya matokeo yao, likiwemo andiko la mwaka 1937 kuhusu jinsi kinga ya malaria inavyojitokeza na inavyopimwa.

Kazi yenyewe ilifanyika kwa mikono. Mtoto hulazwa chali na kukunja magoti ili tumbo lilegee. Mpimaji huingiza ncha za vidole chini ya mbavu za kushoto, kisha humwambia avute pumzi. Mtoto mwenye afya hana cha kuguswa. Mwenye malaria ya mara kwa mara, ukingo wa bandama hushuka na kugonga vidole. Ikiwa imevimba sana hufika usawa wa kitovu na hata kupita. Mama wengi wa pwani waliijua hali hiyo na kuitambua kwa macho kabla ya daktari kufika, kwa tumbo lililotuna juu ya miguu myembamba. Baada ya bandama, ncha ya kidole hutobolewa, tone la damu hupakwa kwenye kioo, na msaidizi wa maabara huketi na hadubini kuhesabu.

Walipowapanga watu wa vijiji kwa umri, sura ilikuwa ileile ya Koch, sasa ikiwa na undani zaidi. Mtoto mchanga wa miezi ya mwanzo alikuwa salama kwa kiasi, kwa sababu mama humpitishia kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Kinga hiyo ya kuazima ilipoisha, homa zilianza. Kati ya miezi sita na miaka mitano mtoto aliugua, akapungukiwa damu, akapata degedege, na hapo ndipo vifo vilipojaa. Akivuka umri huo bandama ilianza kunywea. Ujanani, mtu wa nyika za Tanga aliweza kuwa na vimelea katika damu na bado akaenda shambani.

Jambo hili la mwisho liliwashangaza wengi. Mwili wa mtu mzima haukuwa umefuta vimelea. Ulikuwa umejifunza kuishi navyo kwa adabu, ukivibana visizidi.

Mabishano ya Kampala

Amani, juu katika Usambara Mashariki, Wajerumani walikuwa wamejenga taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo tangu mwaka 1902. Humo walipanda mikwinini, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia dawa iliyotengenezwa hapo iliwasaidia askari wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo hayo yakawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki nzima, chini ya Bagster Wilson.

Wakati huo dunia ilikuwa imepata DDT na dawa nyingine za kunyunyizia nyumba. Swali la kinga likageuka la kisiasa. Mwishoni mwa mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria ya Afrika mjini Kampala. Wilson na wenzake, akiwamo Cyril Garnham aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, walitahadharisha. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wa maeneo kama Muheza wamejenga kinga kwa gharama kubwa; mkiwaondolea mbu kwa miaka michache kisha dawa ikaisha au mbu wakaizoea, watu wazima watakuwa wamepoteza kinga na maradhi yatarudi kwa kishindo. Upande wa pili ulijibu kwamba hakuna daktari mwenye haki ya kuwaacha watoto wafe ili wachache watakaobaki wawe na kinga. Mkutano uliamua malaria ipigwe kila mahali, iwe kali au nyepesi.

Mimi naamini mkutano uliamua sawa. Hata hivyo hofu ya Wilson haikuwa ya kipuuzi, na ilistahili kupimwa. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilinyunyiziwa dawa ya dieldrin. Malaria ilishuka sana na watoto wengi zaidi walinusurika. Unyunyiziaji ulipokoma vimelea vilirejea polepole, kwa miaka, na kishindo kilichotabiriwa hakikutokea kwa namna iliyoogopwa.

Muda mfupi baadaye swali la Koch lilipata jibu lenye uzito wa jaribio. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na S. C. Carrington waliripoti kutoka Gambia kwamba walichukua damu ya watu wazima wa huko, wakatenga sehemu yenye kingamwili, wakawachoma nayo watoto waliokuwa wagonjwa wa malaria. Vimelea vilipungua kwa kasi na homa zikashuka. Mwaka 1963 waliripoti kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia pia watoto wa Afrika Mashariki. Kitu alichokuwa nacho mtu mzima wa pwani, ambacho Msambaa hakuwa nacho, sasa kilikuwa kimewekwa ndani ya chupa na kuhamishiwa katika mwili mwingine.

Barua zilizoandikwa katika damu

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa Amani ukaingia mikononi mwa Tanzania, na mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikaundwa. Kazi zilishuka kutoka mlimani kwenda kwenye wagonjwa wenyewe: Muheza, Tanga mjini, Korogwe. Watafiti wa Kitanzania, kama Martha Lemnge na John Lusingu, wakawa miongoni mwa wanaoziongoza.

Mkoa huu ulikuwa na kitu ambacho ni vigumu kukipata kwingine. Ndani ya safari ya saa chache mtu aliweza kupanda kutoka nyika ambako mkazi aliumwa na mamia ya mbu waambukizao kwa mwaka hadi vijiji vya baridi ambako mbu hao walikuwa nadra. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake wa Uingereza na Tanzania walichapisha utafiti wa vijiji 24 katika miteremko ya Kilimanjaro, Pare na Usambara. Hawakuhesabu mbu. Walipima kingamwili. Vijiji vya chini, hata watoto wadogo walikuwa nazo. Vya juu zilionekana kwa wachache, na ziliongezeka taratibu kwa umri. Kwa kuwa baadhi ya kingamwili hudumu miaka mingi, damu ya mzee iliweza kueleza jinsi malaria ilivyokuwa kijijini kwake zamani. Seli za uboho zilikuwa zimetunza historia ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Muheza nako, katika kituo cha Ubwari, Chris Curtis na Caroline Maxwell pamoja na wenzao wa Tanzania walikuwa wakijaribu vyandarua vyenye dawa. Hofu ya Kampala ilirudi: je, mtoto anayelala ndani ya chandarua hatachelewa kujenga kinga? Miaka ya ufuatiliaji haikuonyesha kwamba watoto wa vyandarua walilipa baadaye kwa namna hiyo. Walichokipata ni damu zaidi na homa chache.

Watoto wa Teule

Mwaka 2002 Patrick Duffy na Michal Fried walianzisha Muheza utafiti wa mama na mtoto pamoja na NIMR, kwenye hospitali ya wilaya inayojulikana kwa jina la Teule. Fried na Duffy walikuwa tayari wameonyesha mwaka 1996, kwa utafiti uliofanyika Kisumu, kwamba vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma la mjamzito kwa kunata kwenye kemikali maalumu iliyoko humo. Ndiyo sababu mwanamke wa pwani aliyekwisha kuwa na kinga tangu utotoni huugua tena katika mimba ya kwanza: kondo ni nyumba mpya, na seli zake B hazijawahi kukutana na kimelea kilichovaa umbo hilo. Mimba za baadaye humkuta amejifunza.

Sasa walitaka kumfuata mtoto tangu siku anapozaliwa. Mama alipojifungua, damu ilichukuliwa kutoka kwenye kitovu na kutoka kwenye kondo. Mtoto aliandikwa. Katika mwaka wake wa kwanza alipimwa kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi hadi alipokaribia miaka minne; akiugua katikati, aliletwa na kutibiwa. Mama mmoja aliyekubali alikuwa amekubali miaka ya kuamka mapema, kumbeba mtoto hadi kliniki na kumshika mkono wakati kidole kikitobolewa. Waliokubali walikuwa karibu elfu moja. Hakuna chanjo ya malaria itakayoandikwa historia yake kwa haki bila kuwataja mama hao, hata kama majina yao hayatachapishwa.

Mwaka 2014 ulileta matunda mawili. Katika watoto 882 waliofuatiliwa, 102 walipata malaria kali angalau mara moja. Wengi wa hao walikuwa, kabla au baada ya hapo, wamebeba vimelea vingi katika damu bila kufikia hatari. Kwa hiyo kinga dhidi ya kifo haikuwa tu suala la kupunguza idadi ya vimelea. Mwili ulikuwa ukijifunza vitu tofauti kwa nyakati tofauti.

Tunda la pili lilitoka kwa Jonathan Kurtis na Dipak Raj wa Rhode Island, Marekani. Walilinganisha damu ya watoto wa Muheza wa miaka miwili waliokuwa wakiistahimili malaria na ya wenzao walioelemewa, wakatafuta kingamwili zilizokuwepo upande mmoja tu. Waliipata moja inayonasa protini waliyoiita PfSEA-1. Kingamwili hii hukifungia kimelea ndani. Vizazi vyake vikishaiva na kuwa tayari kupasua chembe nyekundu, vinashindwa kutoka. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepata malaria kali katika kipindi ambacho kingamwili hiyo ilikuwa katika damu yake. Mwaka 2020, kutoka katika damu hizohizo za Muheza, walitangaza nyingine inayonasa protini PfGARP, nayo huifanya chembe yenye kimelea ipoteze kimelea chake: kimelea hujiua chenyewe.

Korogwe na mavazi sitini

Kwa nini kazi ya kujifunza huchukua miaka? Sehemu ya jibu ilitoka Korogwe, kwa watafiti wa NIMR na wenzao wa Copenhagen. Kimelea hupeleka kwenye ganda la chembe nyekundu protini inayoning'inia nje kama kulabu. Hujinasa nayo kwenye kuta za mishipa ili damu isikipeleke bandamani. Kina jeni kama 60 za kutengeneza kulabu hizo na hutumia moja kwa wakati. Seli B zikishajua kunasa umbo moja, kimelea hubadilisha. Mtoto hana budi kujifunza moja baada ya jingine, kama anavyohifadhi juzuu chuoni, na kila somo ni homa.

Mwaka 2012 Thomas Lavstsen na wenzake walionyesha, kwa damu ya watoto waliolazwa Hospitali ya Wilaya ya Korogwe, kwamba aina chache za kulabu hizo ndizo zinazoonekana zaidi katika malaria kali. Mwaka uliofuata kikundi hicho kilionyesha kwamba hujinasa kwenye kipokezi kilichoko ndani ya mishipa ya damu, pamoja na ya ubongo. Hii inaeleza jambo ambalo kila nesi wa pwani ameliona: mtoto akishavuka miaka yake ya kwanza, bado ataugua, lakini degedege na kuzimia kwa malaria huwa nadra. Mwili umeanza na masomo yanayohusu uhai.

Korogwe pia ilisaidia kuleta chanjo. Pamoja na Kilifi, Kenya, ilishiriki jaribio la chanjo ya RTS,S kwa watoto 894, ambalo matokeo yake ya mwaka 2008 yalionyesha kupungua kwa homa za malaria kwa asilimia 53 katika kipindi cha miezi kadhaa. Mei 2009 jaribio kubwa lilianza, na watoto wa kwanza walichanjwa Bagamoyo. Lilienea katika vituo 11 vya nchi saba, Korogwe ikiwa kimojawapo, na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Chanjo hii huandaa kingamwili dhidi ya kimelea kikiwa bado njiani kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye ini. Ulinzi wake si kamili na hupungua kwa miaka, lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, ikiwa chanjo ya kwanza ya malaria kufika hapo. Mwaka 2023 likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo na kwingineko.

Bagamoyo imefundisha pia somo la unyenyekevu. Watanzania wazima waliochanjwa kwa vimelea vilivyodhoofishwa walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa chanjo hiyohiyo. Huenda mfumo wa kinga uliojifunza kuishi na malaria kwa adabu huwa pia mzito kushtuka. Hiyo ni sababu tosha ya kujaribu chanjo kwa watu watakaozitumia, kwenye ardhi yao.

Deni

Katika vijiji vya nyikani Korogwe vilivyofuatiliwa, watoto wenye vimelea katika damu walishuka kutoka karibu asilimia 78 mwaka 2003 hadi karibu 13 mwaka 2008. Vyandarua, dawa mpya na mabadiliko ya mazingira vilichangia. Kizazi kinakua sasa ambacho bandama zake hazijavimba na ambacho seli zake B hazikupitishwa katika mafunzo ya zamani. Wapo wanaosikitikia kinga inayopotea. Mimi siwezi kuisikitikia kinga iliyodai uhai wa ndugu zetu. Lakini inatupa wajibu: mtu asiye na kinga ya utotoni anahitaji chandarua, vipimo na dawa zisizokatika, na chanjo inayofika kwa wakati. Zikikatika, hofu ya Kampala itapata nafasi ambayo haikuipata Pare.

Wajibu wa pili ni wa haki. Kingamwili dhidi ya PfSEA-1 na PfGARP zimetoka Muheza, na njia ya RTS,S imepita Korogwe na Bagamoyo. Watoto waliotobolewa vidole wakati ule leo wako katika umri wa kuzaa. Chanjo yoyote itakayotokana na damu yao inapaswa kufika katika kliniki za Muheza na Korogwe kabla haijawa ghali kwao. Na vijana wa Tanga wanaosoma biolojia wanapaswa kujua kwamba sura kadhaa za vitabu vya kinga ya mwili ziliandikwa kwao, kwa damu yao, ili nao waingie katika maabara hizo na kuandika zilizobaki.